Kitabu cha Motokaa ya Mpwa Wangu

Kwa miaka mingi ya kufundisha lugha nimeulizwa maswali ambayo sikuyajua majibu yake, na aghalabu niliyajibu. Hiyo ni aibu ya walimu ambayo hatuisemi sana. Mwanafunzi akiuliza asili ya neno, mwalimu hutazama dari, hukohoa kidogo, kisha hutoa jibu. Na kwa kuwa neno halina meno, hakuna anayeumwa. Nilidhani desturi hii haina madhara, mpaka siku nilipoulizwa swali juu ya injini.

Swali lilitoka Ujiji, nyumbani kwa dada yangu. Shemeji yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika. Alipofariki aliacha mtumbwi mkubwa wa mbao, mashine yake, nyavu na taa. Mwanawe wa kiume, ambaye ni mpwa wangu, hakulipenda ziwa. Alikaa mwaka mzima akiutazama mtumbwi ule ufukweni kama mtu anayetazama kanzu ya marehemu asiyoweza kuivaa. Kisha, kwa idhini ya mama yake na dada zake, aliuza vyote, akaongeza akiba yake mwenyewe, akapanda gari la moshi kwenda Dar es Salaam, na akarudi na motokaa.

Laiti ingalikuwa motokaa ya kubebea mizigo, watu wangalinyamaza. Kigoma ni mji wa mizigo: mawese, dagaa, migebuka, chumvi ya Uvinza, na vitu vinavyovuka maji kwenda Kalemie na Bujumbura. Walakini kijana yule alirudi na Subaru Impreza WRX, motokaa fupi yenye tundu kubwa juu ya boneti na sauti nzito inayosikika kabla haijaonekana. Iliingia Ujiji ikipita chini ya miembe, na wazee walioketi barazani walitazamana. Mmoja aliuliza kama mwendo ule wote ulikuwa na haja gani katika mji ambao ukitoka Ujiji kwenda Kigoma hujamaliza hata mazungumzo umekwisha fika.

Mpwa wangu alikuwa na jibu. Aliikodisha kwa maarusi. Ikawa katika harusi nyingi za Kigoma, Mwanga na Ujiji, msafara ulitanguliwa na motokaa ile, imefungwa maua na utepe, ikinguruma kama simba aliyelazimishwa kutembea polepole. Kwa kazi hiyo alimlisha mama yake na kuwalipia ada wadogo zake wawili. Basi ieleweke tangu hapa kuwa jambo ninalolieleza halikuwa mchezo wa kijana na chombo chake. Lilikuwa chakula cha nyumba.

Jina la motokaa ile lilinipendeza kabla sijaijua. Subaru ni jina la Kijapani la lile kundi la nyota ambalo sisi huliita kilimia, na nembo yake ina nyota sita. Wazee wetu walikitazama kilimia wapate kujua majira ya mvua na ya kiangazi, na jina lenyewe limetoka katika kitenzi cha kulima. Nilipomweleza mpwa wangu hayo alifurahi sana, akaandikisha neno KILIMIA kwa herufi nyeupe katika kioo cha nyuma. Nilijivuna. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona elimu yangu imepanda juu ya magurudumu.

Aina hiyo ilianza kuuzwa Japani mwaka 1992, na haikuchelewa kufika katika mashindano ya Safari, yale yaliyoanzishwa mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Patrick Njiru wa Kenya alimaliza wa nne ndani ya Impreza mwaka 1994. Colin McRae alishinda mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Mpwa wangu alizijua habari hizi kama sisi tulivyojua majina ya watani wa ukoo, ingawa McRae aliposhinda yeye alikuwa hajazaliwa.

Sina budi kueleza injini kidogo, kwani kisa chote kimo humo. Katika motokaa nyingi silinda zimesimama wima. Katika hii zimelala, mbili kushoto na mbili kulia, na pistoni huenda nje na kurudi ndani kama ngumi za mabondia wawili waliopeana migongo. Ukubwa wake ni sentimita za ujazo 1,994 tu, lakini moshi unaotoka huzungusha kijifeni, nacho husukuma hewa nyingi zaidi ndani, na hapo ndipo penye siri ya nguvu. Juu ya silinda kuna valvu 16, nazo hufunguliwa na kufungwa na kamshafti nne. Kamshafti hizo na krenkshafti iliyo katikati yao zimeunganishwa na mkanda mmoja mrefu wa mpira wenye meno. Mkanda huo ndio unaowambia wote wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Ukifungwa vibaya, pistoni itatoka wakati valvu haijarudi, na chuma kitapiga chuma. Injini nyingine husamehe kosa hilo. Hii haisamehi.

Fundi wa mpwa wangu alikuwa mtu mzima, aliyenizidi mimi kwa miaka kama kumi na mitano. Alijifunza ufundi katika malori, akaendelea kwa mashine za boti, na katika miaka ya 1990, mashirika yalipokuja Kigoma pamoja na wakimbizi wa Burundi na Kongo, alitengeneza magari yao makubwa. Alikuwa na gereji chini ya mwembe, karibu na njia iendayo ufukweni. Kiingereza hakukijua ila majina ya vyuma. Siku moja aliufunua mfuniko wa mbele wa injini, akauona mkanda una nyufa, akamwambia mpwa wangu usicheze nao. Mkanda mpya ulinunuliwa Dar es Salaam, ukaja kwa basi. Alipokuwa tayari kuufunga alisita, akaomba Mwalimu apigiwe simu.

“Shikamoo mjomba,” alisema kijana.

“Marahaba mjomba. Hamjambo huko?”

“Hatujambo. Fundi ana neno lake.”

Fundi alichukua simu. Baada ya kunijulia hali alisema, “Mwalimu, kwenye gurudumu la chini naona alama mbili. Upo mshale, tena mkubwa. Na ipo nyingine ndogo, upande wa nyuma, imekatwa kwenye jino. Kitabu kinasema tufuate ipi?”

Alikuwa na haki kuniuliza. Miaka michache kabla ya hapo nilikuwa nikikusanya istilahi za ufundi kwa ajili ya makala, na kwa muuza vitabu vikuukuu mmoja mjini Dar es Salaam nilinunua kurasa thelathini hivi za kitabu cha gereji cha injini za aina ile, kwa Kiingereza, zisizo na mwanzo wala mwisho. Mpwa wangu aliziona mezani kwangu na hakuzisahau. Siku ile ya simu nilikuwa na rundo la karatasi za mitihani. Nilizitoa kurasa zile, nikazipekua, nikaona picha ya gurudumu na mshale, na maneno yanayosema mshale uelekezwe juu. Niliyatafsiri kwa Kiswahili safi, nikayaandika kwa mwandiko wangu mzuri, nikapiga picha karatasi na kuituma. Kazi yote haikuzidi saa moja. Nakumbuka kuwa nilitumia muda mrefu zaidi kuchagua kati ya “uelekee” na “uelekezwe” kuliko kujiuliza ukurasa ule ulikuwa wa sura gani.

Asubuhi ya pili injini ilipigwa stata. Walioisikia walisema ililia kama kijiko kilichotiwa kinuni. Haikuwaka. Ilipofunguliwa, valvu saba zilikuwa zimepinda.

Sasa yalianza mambo ambayo mimi sikuyaona kwa macho, bali niliyapata kwa simu za dada yangu. Mpwa wangu alimdai fundi. Harusi tatu zilikuwa zimelipiwa nusu, na fedha zimekwisha kuliwa. Fundi alisema maneno mawili tu: “Nilifuata karatasi.” Watu walimcheka. Walisema fundi aliyeshindwa na kazi amejificha nyuma ya mwalimu wa chuo kikuu. Shauri lilifika kwa mwenyekiti wa mtaa, likaahirishwa. Wateja wengine wa gereji walianza kuhamisha magari yao. Dada yangu aliniambia, “Kaka, wewe ni msomi. Tafuta kitabu kamili, kisha uje ukate maneno haya. Tukijua kosa ni la fundi atalipa, na tukijua si lake tutanyamaza.”

Katika maneno hayo hakuna aliyetaja uwezekano wa tatu. Desturi yetu ni njema, lakini ina upofu wake. Kijana hawezi kumwambia mjomba wake kuwa mjomba amekosa. Basi kosa linapotoka kwa mjomba halina pa kwenda ila kumwangukia mtu mwingine aliye karibu, na aliye karibu huwa ni yule asiye na jamaa katika nyumba ile. Nami sikuutaja. Nilisema nitatafuta kitabu. Moyoni nilikuwa na hakika kuwa kitabu kitanitetea.

Nilianza kwa kutazama kile kilichokuwamo ndani ya motokaa, ambacho mpwa wangu alinitumia. Kiliandikwa kwa Kijapani. Mwenzangu mmoja anayekijua Kijapani alikisoma kwa subira jioni nzima, akaniambia kuwa kinaeleza namna ya kumfunga mtoto mkanda, namna ya kubadili tairi, na namna ya kuweka saa. Hicho ni kitabu cha mwenye gari. Kitabu cha fundi ni kitu kingine, nacho hakisafiri pamoja na gari. Motokaa zetu nyingi hutoka Japani zikiwa zimekwisha tumika, hushuka bandarini Dar es Salaam na funguo zake na redio isiyoshika mawimbi yetu, lakini maarifa ya kuzitengeneza hubaki kule zilikotoka.

Nilikwenda Gerezani na Ilala, kwenye maduka ya vipuri. Kila nilipouliza nilionyeshwa vyuma. Kijana mmoja, amesimama kati ya milango, taa na injini zilizopangwa kama mafuvu, aliniambia kwa adabu, “Mzee, sisi tunauza chuma, karatasi hatuuzi.” Katika ofisi moja, ambayo sina haja ya kuitaja, niliambiwa vitabu hivyo si vya kuuzwa kwa mtu wa nje. Nilirudi na daftari lenye maneno kuliko lenye kitabu, kwani nilipokuwa nikizunguka niliandika nilichosikia: rejeta, plagi, gasketi, stata, shokapu, ekzosi, buti, boneti.

Hapa nitatoka njiani kidogo. Sisi wa taaluma tuna historia ndefu ya kuunda maneno. Kamati ya lugha ilianzishwa mwaka 1930. Chuo cha uchunguzi wa Kiswahili kilianza mwaka 1964, na Baraza la taifa mwaka 1967. Na kazi yao nimeila, nimeivaa, nimepata nayo shahada. Lakini parafujo ililetwa na Wareno karne nyingi zilizopita, na hakuna kamati iliyokaa kuipokea. Usukani ulikuwa wa vyombo vya baharini, umetoka katika Kiarabu, ukapanda nchi kavu pamoja na motokaa ya kwanza bila kuomba ruhusa. Mpwa wangu aliyekimbia mtumbwi wa baba yake anashika usukani kila siku. Mambo haya nilikuwa nimeyaandika katika makala yangu, na watu walisema ni makala nzuri. Sikuwa nimeingia gereji hata moja nilipokuwa nikiiandika.

Kitabu nilikiona Nairobi. Nilikwenda huko kwa mkutano wa wanazuoni wa Kiswahili, na katika mapumziko ya mchana wa pili niliondoka nikaenda Barabara ya Kirinyaga, ambayo hapo zamani iliitwa Grogan, mahali penye gereji na maduka ya vipuri yaliyobanana kama punje za hindi. Nilielekezwa kutoka mlango hadi mlango mpaka kwa mzee mmoja aliyekuwa zamani katika makundi ya mafundi waliofuata magari ya Safari na kuyatengeneza njiani usiku. Nilimweleza shida yangu. Alinitazama suti yangu, akatazama kitambulisho cha mkutano kilichoning’inia shingoni mwangu, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa unga.

Ndani ya mfuko mlikuwa na kitabu. Kilikuwa nakala ya nakala, kwa Kiingereza, kimeshonwa kwa waya, na kila ukurasa ulikuwa na alama za vidole vyeusi pembeni, vidole vya watu wengi wa miaka mingi. Nimewahi kushika miswada ya kale ya tenzi, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, nami nikaishika kwa heshima inayostahili. Sikumbuki kama moyo wangu ulipiga hivi. “Hakiondoki hapa,” alisema mzee, “lakini kijana wangu atakupeleka ukatoe nakala ya unachotaka.” Nikataka sura ya injini yote.

Nilisimama kando ya mashine ya kunakili, na ukurasa wa mkanda ulipotoka, ungali moto, niliusoma hapo hapo.

Mshale ulikuwepo. Kitabu kiliutaja kwa maneno yale yale niliyoyatafsiri mimi, lakini katika sura nyingine, ambamo fundi anataka kujua pistoni namba moja imefika juu. Katika sura ya kufunga mkanda, mshale hautumiki. Hutumika ile alama ndogo iliyokatwa nyuma ya gurudumu, na ukiielekeza hiyo juu, pistoni zote nne hukaa katikati ya silinda zake, mbali na valvu, hata kamshafti zikiteleza hakuna pistoni ya kuzipiga valvu. Ni akili nzuri sana. Aliyeitengeneza injini alijua kuwa mikono ya binadamu huteleza, akaiwekea pahali pa salama. Picha ilionyesha alama zote mbili, na chini yake palikuwa na onyo kuwa zisichanganywe.

Fundi alikuwa ameziona zote mbili. Ndiyo sababu alipiga simu.

Sikurudi mkutanoni alasiri ile. Nilikaa mkahawani na kikombe cha chai mpaka kikapoa. Nakiri, kwa kuwa makala haya hayana faida nisipokiri, kuwa niliwaza kunyamaza. Ningeweza kulipa valvu kimya kimya na kusema nimefanya hisani kwa mpwa wangu. Fundi angebaki na jina lake lililochafuka, lakini angebaki na gereji. Ningeweza pia kusema kuwa kitabu hakikupatikana. Hakuna mtu Ujiji ambaye angalijua. Mawazo haya hayakunijia kama mwivi anavyokuja. Yalikuja kwa upole, yamevaa vizuri, yakizungumza juu ya amani ya ukoo.

Mwezi uliofuata nilipanda gari la moshi la reli ya kati. Reli hiyo, ya kilomita 1,250 hivi, ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwendo wake hautoi ruhusa kwa mtu mwenye dhamiri mbovu kulala. Kabla ya Uvinza, tulipokuwa tukilifuata bonde la Malagarasi, niliwaza juu ya meli ya Liemba, ambayo honi yake ilikuwa saa ya utoto wangu. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa makasha mpaka Kigoma, na mwaka 1915 ikashushwa majini kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani walipokuwa wakishindwa mwezi wa Julai 1916 waliizamisha karibu na mdomo wa mto huu. Lakini wahandisi walioamriwa kuizamisha ndio wale walioiunga, nao kabla ya kuizamisha walizipaka mashine zake grisi nzito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza kazi tena. Wale watu hawakujua nani atakuja kuinua. Nilifikiri kwamba mimi, kwa mwandiko wangu mzuri, nilikuwa nimefanya kinyume chao.

Dada yangu alikusanya watu barazani kwake jioni ya pili: mpwa wangu, fundi, mwenyekiti wa mtaa, na wazee wawili wa jirani. Kahawa ilipitishwa. Ziwa lilionekana kati ya nyumba, na milima ya Kongo ng’ambo ilikuwa imeanza kuwa ya zambarau. Niliziweka mkekani karatasi zote mbili, ile yangu na ile ya Nairobi. Niliusoma ukurasa wa mkanda kwa Kiswahili, neno kwa neno. Kisha nikasema kuwa karatasi ya kwanza ilitoka kwangu, kuwa fundi aliuliza swali sahihi, na kuwa mimi ndimi niliyempa jibu la sura nyingine.

Hakuna aliyesema kitu kwa muda. Mpwa wangu aliinamisha kichwa, akawa anachora kwa kidole kwenye mkeka. Dada yangu aliondoka akaenda jikoni, ingawa kahawa ilikuwa imejaa. Mzee mmoja alianza kusema kuwa hata msomi ni binadamu, lakini fundi alimkatiza kwa upole.

“Mimi nami nina sehemu yangu,” alisema. “Ile alama ya nyuma niliiona. Nilizungusha gurudumu kwa mkono nikaona pistoni zinakaa vizuri nikiifuata hiyo, na nikifuata mshale naona zito, linagoma. Mkono wangu uliniambia. Lakini karatasi ilikuwa ya Mwalimu.”

Maneno hayo yaliniumiza kuliko kama angalinitukana. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Mpwa wangu naye, bila kuambiwa na mtu, alisogea akashika miguu ya fundi. Na fundi alimwinua upesi, akisema kuwa kazi inangoja na maneno yametosha. Gharama ya valvu, gasketi na mkanda mwingine niliichukua mimi. Niliilipa kwa mafungu, na fungu la mwisho nililipa baada ya miezi mitano.

Siku nne nilizokaa Ujiji baada ya hapo nilizitumia chini ya mwembe wa gereji, juu ya kiti cha Land Cruiser kilichong’olewa. Kazi yangu ilikuwa kusoma. Kazi ya fundi ilikuwa kuniuliza nilichosoma kina maana gani, na mara nyingi sikujua mpaka aliponionyesha chuma chenyewe. Tulipofika kwenye kufunga kichwa cha silinda, kitabu kiliamuru bolti sita zikazwe kwa zamu, kwanza kwa nyutoni-mita 29, kisha 69. Halafu zote zilegezwe nusu mzunguko, zilegezwe tena nusu mzunguko, na ndipo zikazwe upya. Nilidhani nimekosea kusoma. Nilirudia mara tatu. Fundi alifikiri kidogo, akacheka. “Ni kweli,” alisema. “Gasketi ni kama godoro jipya. Unalilalia kwanza lijue mwili, unaondoka, ndipo unatandika.” Nimetafuta tangu siku hiyo maelezo bora ya jambo hilo katika Kiingereza cha wahandisi, sijayapata.

Spana ya kupimia nguvu ya kukaza hatukuwa nayo. Ilipatikana kwa fundi mmoja wa boti Kibirizi, aliyetukopesha kwa sharti kuwa asiikose usiku.

Hata tukafika kwenye alama yenyewe. Katika tafsiri yangu nilikuwa nimeiita “pengo”, kisha nikaifuta nikaandika “mkato”, kisha “alama ya kuchongwa”, na hakuna lililonipendeza. Nilimwuliza fundi yeye angeiitaje. Alilipangusa gurudumu kwa kitambaa, akalielekeza kwenye mwanga. Palikuwa na mstari mwembamba kwenye jino, kama mtu amepitisha wembe.

“Hii ni chale,” alisema, bila kufikiri.

Neno ambalo mama zetu hulitumia kwa mikato midogo ya mganga katika ngozi ya mtoto! Nililiandika. Kijana mwanafunzi wa gereji, aliyekuwa ameshika tochi, alilirudia mara moja kwa furaha ya vina: “Chale, si mshale.” Tangu saa ile wote waliokuwapo walisema hivyo, na nilipoondoka nilisikia limefika kwa mafundi wa Mwanga, wakilitumia kana kwamba limekuwapo siku zote.

Kabla ya kupiga stata fundi aliizungusha injini kwa mkono, kwa spana, mizunguko miwili mizima ya krenkshafti, akisikiliza. Kitabu kilisema hivyo pia, lakini alifanya kabla sijakisoma. Kisha alimwita mpwa wangu akae kwenye usukani. Iliwaka mara ya pili. Dada yangu, aliyekuwa amesimama kwa mbali na kanga kinywani, alikaa chini juu ya jiwe.

Jumamosi ile KILIMIA ilitangulia harusi kutoka Ujiji kwenda Kigoma, mpaka mbele ya stesheni ambako maarusi hupenda kupigwa picha. Fundi alialikwa, akakaa kiti cha mbele. Mimi nilikuwa nyuma, katika basi dogo, pamoja na ngoma.

Niliporudi chuoni niliziendea kurasa zilizobaki. Fundi alitaka sura yote kwa Kiswahili, si kwa ajili ya motokaa ile tu, kwani nyingine mbili za aina hiyo zimekwisha kuingia Kigoma, na vijana wake wanasoma vizuri Kiswahili. Nimekwisha tafsiri kurasa 38 kati ya 63. Kazi inakwenda polepole, kwa sababu kila ukurasa hupita Ujiji kwanza ukapimwa juu ya chuma, na hurudi umebadilishwa maneno. Wiki iliyopita nilimpigia simu juu ya kipande kidogo kilicho katika pampu ya oili, ambacho kitabu hukipa jina lisilomo katika kamusi yangu yoyote, na picha haionyeshi kinafanya kazi gani. Nilimwambia sijui ni nini.

“Subiri, Mwalimu,” alisema. “Ngoja nichukue tochi nikaangalie.”